Mafuta ya Kutazama Tu

Nimestaafu, na raha yake imezidi nilivyotarajia. Siku hizi nikimaliza swala ya alfajiri nakaa kibarazani hapa Galbet, mtaa wetu wa Garissa, na chai yangu ya maziwa ya ngamia, na joto likianza kupanda nasema moyoni: panda upendavyo, leo sina oveni ya kuwasha. Watu huniuliza kama sikumbuki jikoni. Nakumbuka sana. Hata maumivu ya jino mtu huyakumbuka.

Farhiya na Mwende, nyinyi mliobaki na funguo za jiko la hospitali yetu, ndio mlioniomba niandike haya. Mlinipigia simu mkilalamika kwamba mkate wa nyama umeogelea kwenye mafuta tena, trei imefurika, moshi umefika hadi wodi ya kina mama, na mkataka kujua mimi nilikuwa nafanyaje. Ningeweza kuwajibu kwa neno moja: yatoeni. Lakini kuyatoa ni nusu ya kazi, hasa hapa kwetu, na nusu ya pili sijawahi kuiona kwenye kitabu chochote cha mapishi. Kwa hiyo kaeni niwasimulie. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa, hayana ladha.

Niliingia jiko lile nikiwa msichana. Nilijua kupika anjera, wali, pasta na nyama ya kuchemsha, nikadhani hapo elimu ya jikoni imekwisha. Mpishi mkuu alikuwa Mzee Kilonzo, Mkamba wa Mwingi, mrefu, mwenye maneno machache, aliyepika miaka mingi kwenye mahoteli ya Nairobi kabla ya kuja kupikwa na jua letu. Siku yangu ya kwanza alinisukumia beseni la nyama ya kusaga, vitunguu, mayai na chenga za mkate mkavu, akaniambia nichanganye kwa mkono.

"Ikishikana, wacha," akasema. "Ukizidi kuikanda itakuwa tofali, na sisi hatujengi hapa."

Nilimuuliza kwa nini nyama isagwe halafu iumbwe upya, kama mtu anayebomoa nyumba ili aijenge mahali pale pale. Akanionyesha wodi kwa kidevu. Wagonjwa wetu wengi walikuwa wazee ambao meno yao yalikwisha kuwaaga, na nyama ya mbuzi mzee hata mwenye meno huiomba msamaha kabla ya kuitafuna. Mkate wa nyama ulikatwa vipande laini, ukalika kwa ufizi.

Lakini alipoutoa kwenye oveni nilipiga kelele. Ulikuwa umekaa katikati ya ziwa la mafuta, yakichemka pembeni kwa sauti tamu kabisa. Mzee Kilonzo akauinamisha mkebe, akaanza kuyamwaga kwenye kopo.

"Mzee! Unamwaga nini?"

"Mafuta."

"Yote?"

"Sasa Habiba, nibakishe ya kujipaka?"

Iliniuma, na wala sitanii. Mwende, wewe ni mtu wa Kitui, huenda usielewe, lakini muulize Farhiya. Kwetu Wasomali mafuta ndiyo nyama; ile nyekundu ni kitu cha kuyashikilia tu. Mgeni akifika bomani, kondoo huchinjwa, na mkia wake hupitishwa mbele ya mgeni auone jinsi ulivyojaa mafuta. Mgeni hasemi kitu, anatazama tu, na hapo hapo anajua wenyeji wanamthamini kiasi gani. Nyama kavu ni nyama ya kiangazi, ya mnyama aliyedondoka kwa njaa ukamuwahi kwa kisu. Kumpa mtu nyama isiyo na mafuta ni kumwambia kwamba huna kitu, au kwamba yeye si kitu. Na huyu mzee wa Mwingi alikuwa anaimwaga heshima ya watu kwenye kopo la rangi.

Alinieleza bila haraka. Mapishi aliyokuja nayo yalikuwa ya nyama ya ng'ombe wa nyanda za juu, na yalianza kwa kusema paka mkebe mafuta. Alipoanza kazi Garissa alifuata maagizo hayo akitumia kondoo wetu mwenye mkia kama mto wa kulalia. "Ilikuwa ni kama kumwagia Mto Tana maji," akasema. Mafuta yakibaki ndani, mkate hauokwi, unakaangika. Pembeni unakuwa mgumu, katikati unabaki mbichi, na ukiukata unasambaratika.

Basi nikajifunza, na haya ndiyo mliyoyataka, yashikeni. Kwanza, nunueni nyama ya paja, muitazame kwa macho yenu ikisagwa. Msipake mkebe kitu chochote. Mkebe wa Mzee Kilonzo, ule mweusi wenye matundu chini, aliutoboa mwenyewe kwa msumari. Bado upo kwenye rafu ya juu, msiutupe kwa kuwa ni mbaya wa sura. Ukae juu ya wavu wa chuma, na wavu ukae juu ya trei pana yenye maji kidogo, ili mafuta yakidondoka yakute maji yasiungue. Huo moshi wenu unatoka hapo tu, kwenye trei kavu. Kama mkebe hamuutaki, umbeni mkate kwa mkono juu ya wavu, mafuta yatajiendea yenyewe kwa sababu hayana ukuta wa kuyazuia.

Chenga za mkate zisizidi. Mtu huona mafuta mengi akaongeza chenga, akidhani anayapunguza, kumbe anayapa mahali pa kulala. Ongezeni kitunguu na karoti iliyokunwa, hivyo ndivyo vinavyoufanya mkate uwe na majimaji hata mafuta yakitoka. Ukiiva, msiukate papo hapo. Uacheni upumue juu ya vipande vya mkate wa jana, vitanyonya kilichobaki. Na mafuta yenyewe yasiende kwenye sinki. Tuliwahi kufanya hivyo mara moja, fundi akaja akavuta kutoka kwenye bomba kitu kirefu cheupe kama mshumaa, akatuuliza kama tulikuwa tunajenga kanisa chini ya sakafu. Mzee Kilonzo, ambaye hakukosa misa, hakucheka.

Baadaye naye alistaafu akarudi Mwingi, akaniachia jiko na ule mkebe. Nilipika kwa njia yake, na wagonjwa walikula, wengine kwa kunung'unika. Nilidhani nimekwisha kujua kila kitu kuhusu mafuta. Halafu akaletwa yule mzee wa Lafey, mbali kule kaskazini.

Nitamwita Adeer Maalim, kwa sababu adeer, yaani baba mdogo, ndivyo nilivyomwita hadi mwisho. Alikuwa mfugaji, mwembamba, ndevu zimepakwa hina. Alikuwa na mawe kwenye nyongo. Kila alipokula kitu chenye mafuta alishikwa na maumivu chini ya mbavu mpaka akajikunja kama mtoto. Daktari alisema mawe yatatolewa kwa upasuaji, ila si sasa, kwa sababu mwili umeisha. Kwanza ale, apate nguvu, na ale bila mafuta. Bila nguvu hatavumilia kisu, na bila kisu maumivu yatamrudia mpaka yammalize. Daktari alimwambia hivyo binti yake, Deqa, mwalimu wa shule ya msingi, na Deqa akaja jikoni kuniambia mimi.

"Eedo Habiba, baba hali," akasema. Eedo ni shangazi. Hatukuwa ndugu, lakini hofu humpa mtu shangazi haraka. "Amekataa uji, amekataa supu. Nisaidie."

Nikasema moyoni, kazi yangu hiyo. Nikapika mkate wa nyama mkavu kuliko wote niliowahi kupika, paja tupu, kila uzi mweupe nimeutoa kwa kisu. Nikaupeleka mwenyewe. Daktari alikuwa pale akizungukia wagonjwa. Adeer Maalim alikibonyeza kile kipande kwa kidole, akakitazama kidole. Kilikuwa kikavu. Akamgeukia daktari, akajitahidi kwa Kiswahili chake, ambacho kila p ni b.

"Daktari, mimi si mtu ya kubewa hii. Hii ni chakula ya mtu mifugo yake imekufa."

"Mzee, ni kwa sababu ya tumbo yako."

"Tumbo yangu inajua kiangazi. Ni kitu ingine kwa dunia mimi sijaona?" Akaisukuma sahani. "Mimi nakuja hosbitali, bado nabewa kiangazi."

Baadaye Deqa alinieleza. Kiangazi kilichopita kilimwondolea karibu kundi zima. Walikula wanyama waliokuwa wakianguka, nyama ngumu, nyeusi, isiyo na chembe ya mafuta, na aliila akijua kila tonge ni mnyama ambaye hatazaliana tena. Aliapa kwamba mvua ikirudi hataitia kinywani nyama kama ile. Mvua ilirudi. Sasa mimi, kwa nia njema na kisu kikali, nilikuwa nimempikia ile ile.

Siku zilizofuata nilijaribu kila ujanja. Niliweka bizari, akaisukuma. Nikaweka nyanya juu ing'ae, akabonyeza kwa kidole, akaisukuma. Alikunywa chai ya rangi na kula tende mbili tatu ili binti yake asilie mbele yake. Mifupa ya uso wake ikazidi kujitokeza. Daktari aliacha kutaja upasuaji, na Deqa alielewa maana ya ukimya huo, nami nilielewa. Niliogopa. Nilikuwa nikirudi nyumbani nashindwa kumeza chakula changu.

Nikarudi kwa muuza nyama wetu, Hussein, nikitaka paja la kondoo bora kabisa, nikamweleza ni la nani. Alisikitika sana. Nilipogeuka kidogo kumsalimu jirani, yule bwana, kwa huruma yake yote, akakata kipande kikubwa cha mkia akakitia kwenye mashine pamoja na paja. Alimhurumia mzee wa watu, akamwongezea heshima. Hakuniambia, maana wema haupigiwi tarumbeta. Ndiyo maana nawaambia muitazame nyama ikisagwa.

Sikugundua, kwa kuwa saa ya chakula ilikuwa inanikimbiza. Niligundua nilipofungua oveni. Mafuta yalikuwa yamepenya matundu yote ya mkebe, trei imejaa mpaka ukingoni, yanang'aa kama dhahabu. Afisa wa lishe, dada mmoja mpole asiyependa kelele, alichungulia akashika kichwa.

"Hii usimpelekee, Mama Habiba. Utamuua."

"Sijaota kumpelekea."

Wauguzi waliula mkate ule kwa furaha isiyo na haya. Mimi nilimpigia Hussein nikamwambia maneno ambayo sitayaandika, na akaniapia kwa jina la mama yake kwamba paja la pili la kondoo yule yule bado analo. Nikaenda, nikasimama juu ya mashine yake kama askari mpaka nyama ikatoka, nyekundu tupu. Niliporudi, nikashika ile trei ya mafuta niimwage kwenye kopo.

Ndipo mkono ukakataa. Mafuta yalikuwa yameanza kupoa, meupe pembeni, na yalinukia nyumbani kwa baba yangu siku ya wageni. Nikamwona baba akiupitisha mkia mbele ya mgeni. Mgeni hakuwa ameonja bado. Hakuhitaji kuonja. Nikajiuliza: huyu mzee anataka kula mafuta, au anataka kuyaona?

Nilichukua glasi safi, ile mnene ya chai, nikayachuja mafuta ndani yake mpaka ikajaa. Mkate wa pili ulipoiva, nikaacha upumue kama kawaida, na matone machache yaliyotoka kwake nikayamiminia juu ya yale ya kwanza. Nikapanga kwenye sinia: sahani ya mkate upande huu, glasi upande ule. Afisa wa lishe alinisimamisha mlangoni. Nikamwambia ni ya kutazama tu na nitarudi nayo mkononi. Akanifuata hata hivyo, na alifanya vizuri.

Deqa alikuwa amekaa kando ya kitanda. Niliiweka glasi mbele ya Adeer Maalim kwanza, kabla ya sahani. Tuliongea Kisomali, nawaandikia kwa Kiswahili.

"Nini hii?"

"Adeer, ni kondoo wako. Amenona, na mafuta yake ndiyo hayo. Tumeyatoa kwa sababu ya maumivu yako, lakini hatukutaka uyakose machoni."

Aliichukua glasi kwa mikono miwili. Akaiinamisha upande mmoja, akaiinamisha upande mwingine, akainusa. Akauliza, "Mkia?"

"Ya mkia. Na nyama hii ni ya paja la kondoo huyo huyo."

"Alilisha wapi?"

Hilo nilikuwa nimemuuliza Hussein, Mwenyezi Mungu ndiye aliyenitia wazo hilo. "Buna. Aliletwa na lori la juzi."

"Buna wamepata mvua," akasema, na hakuwa akizungumza na mimi tena. Alikaa akiitazama ile glasi. Kisha akanung'unika, kama mtu aliyecheleweshwa bure: "Sasa kwa nini hamkusema tangu mwanzo kwamba mnyama alikuwa na kitu?"

Akaiweka glasi karibu na mto, akasema bismillahi, akala. Alikula kipande, akala kingine, akamwomba binti yake chai. Deqa alitoka nje kwa mwendo wa kawaida kabisa, na alipofika kwenye veranda nikamsikia akilia. Afisa wa lishe alisimama pale na mikono imeganda, hajui acheke au aandike. Mimi nilirudi jikoni nikaketi juu ya gunia la unga. Nilisema alhamdulillahi mpaka ulimi ukachoka, na tangu siku ile hakuna chakula nilichokula kwa hamu kama makombo ya mkate ule.

Kuanzia hapo, hakuna sahani iliyomfikia bila glasi yake. Usingeweza kumdanganya, ukileta ya jana aliijua kwa rangi, na aliuliza kama kondoo wamekwisha Garissa. Ikibidi tulichemsha kipande cha mkia kwa ajili ya kutazamwa tu. Wazee wa vitanda vya jirani wakaanza kudai glasi zao, hata wasio na maradhi ya nyongo, na kwa wiki kadhaa wodi ya wanaume ilionekana kama duka la mishumaa. Daktari alipita, akatazama, akauliza kama kuna anayekunywa. Nikamwambia hapana. "Basi endeleeni," akasema, na akaandika tarehe ya upasuaji.

Mawe yalitoka. Adeer Maalim akaamka, akauliza kwanza kuhusu mvua ya Lafey, kisha kuhusu chakula. Alipoondoka alikuwa na mashavu. Hakunishukuru kwa maneno, wazee wa kule hawana tabia hiyo. Alinishika kichwa akaniombea dua ndefu mpaka gari likapiga honi.

Kwa hiyo, mabinti zangu, toeni mafuta, na muyatoe vizuri. Lakini msiyatoe kwa siri kama watu walioiba. Mwenye chakula aone alichotolewa, na ajue ni kwa nini.

Mimi ningeishia hapo, lakini Farhiya ataniambia nimeficha la mwisho. Siku mliponiaga, mnajua wenyewe, moyo wangu ulikuwa mzito. Mwaka huo daktari yule yule alikuwa amenipima, akaniambia mafuta ya damu yamepanda, nyama ya mafuta basi, mkia ndio nisahau kabisa. Nilicheka mbele yake, nikahuzunika nyumbani. Nilijiona nimemaliza kazi na sasa narudi kula chakula cha kiangazi kwenye baraza langu. Nilikaa kwenye ile meza mliyoipamba nikingoja kipande changu kikavu, na nilikuwa nimejiandaa kutabasamu.

Farhiya akatoka jikoni na sinia. Nyuma yake alikuwa Deqa, aliyesafiri kutoka Lafey bila kuniambia, na mkononi mwake ameshika glasi mnene ya chai, imejaa mafuta yaliyoanza kuwa meupe pembeni, bado ina joto. Akaiweka mbele yangu kabla ya sahani.

"Baba amekutumia kondoo, Eedo," akasema. "Ameagiza uonyeshwe kwanza."

Niliishika kwa mikono miwili. Nikaiinamisha upande huu, nikaiinamisha upande ule. Kisha nikasema bismillahi, nikala.